Sydney Ringer: Daktari aliyekosolewa na maji ya bomba

Msafiri aliyewahi kuharisha njiani hadi akatundikiwa dripu huenda aliona jina Ringer kwenye mfuko wa maji yale. Hilo ni jina la mtu: Dk. Sydney Ringer wa Uingereza.

Alizaliwa Norwich katika miaka ya 1830, na baba yake alifariki watoto wakiwa bado wadogo. Ndugu yake Frederick alivuka bahari kwenda Nagasaki, Japani, akawa mfanyabiashara mkubwa. Sydney alisomea udaktari London, katika chuo cha University College, kisha akatibu wagonjwa katika hospitali ya chuo hicho kwa maisha yake yote ya kazi. Muda uliobaki aliutumia maabara.

Mwaka 1882 alitangaza kuwa moyo wa chura uliotolewa mwilini uliendelea kupiga vizuri ndani ya maji ya chumvi. Aliamini maji hayo yalitengenezwa kwa maji yasiyo na madini, kama yale yanayoongezwa kwenye betri za magari. Aliporudia jaribio kwa maji hayo hasa, moyo ulidhoofika na kusimama. Kumbe mwanzoni yalitumika maji ya bomba ya London, yenye kalsiamu. Alipoongeza kalsiamu kidogo, moyo ulipiga tena.

Ringer angeweza kunyamaza, kwani ripoti ya kwanza ilikwisha kuchapishwa. Mwaka 1883 alichapisha nyingine, akieleza kosa na chanzo chake. Hapo ndipo dunia ilipojua kuwa kalsiamu si ya mifupa tu.

Mwaka 1894 F. S. Locke alionyesha kuwa bila kalsiamu, neva ya chura haiwezi kuamuru msuli ujikunje. Baadaye wanasayansi walieleza sababu. Ndani ya seli ya neva kalsiamu ni kidogo mno kuliko nje, takriban mara 10,000. Ishara ya umeme ikifika, milango ya protini hufunguka na kalsiamu huingia. Protini iitwayo sinaptotagmini huishika, na ujumbe huachiliwa kwenda seli ya pili. Protini nyingine, kalmodulini, hukaa mlangoni kama ofisa wa forodha: ikishapokea kalsiamu ya kutosha, huusaidia mlango kufungwa. Kisha pampu huitoa iliyozidi. Ikibaki nyingi ndani kwa muda mrefu, seli hufa.

Katika miaka ya 1930 daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, aliongeza lakteti kwenye mchanganyiko wa Ringer, na ndiyo dripu inayotumika hadi leo.

Ringer alifariki Oktoba 1910 kijijini Lastingham, Yorkshire. Kalsiamu bado imo katika kila mfuko wenye jina lake, kwa sababu alirudia kupima kile alichokwisha kukitangaza.