Mwalimu Nyerere: Kiongozi aliyekiita kijiji kizima darasani

Warundi wengi humkumbuka Julius Kambarage Nyerere kama mpatanishi, mzee aliyeyaongoza mazungumzo ya amani ya Burundi mjini Arusha hadi alipofariki dunia. Kwao Tanzania, jina lake la kila siku ni Mwalimu. Jina hilo halikuwa la heshima tu. Kabla ya kuwa Rais alikuwa mwalimu wa shule, na alipokuwa Rais aliliona taifa zima kama darasa ambalo kila mtu ana la kujifunza na la kufundisha.

Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, mwezi Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Hakuingia shule hadi alipotimiza umri wa miaka 12, mwaka 1934, alipopelekwa Mwisenge mjini Musoma. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere nchini Uganda alikosomea ualimu. Alifundisha Tabora, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, na aliporudi mwaka 1952 alipata kazi katika shule ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka 1954 akawa kiongozi wa chama cha TANU. Mwaka uliofuata ilimlazimu kuchagua baina ya darasa na siasa. Aliacha kazi ya shule, lakini hakuuacha ualimu.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika, na shule zilikuwa za watoto wachache. Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa kwamba shule ya mkoloni ilimtenga mtoto na wazazi wake, ikamfanya auone mtihani kuwa ndiyo shabaha na jembe kuwa ni aibu. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika kwa anayebaki kijijini, si ngazi tu ya wachache kupandia sekondari. Alitaka pia shule iwe na shamba lake, na wanafunzi washirikiane na walimu kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato.

Mwalimu alijua kwamba waraka haufundishi mtu kusoma. Aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baadaye kampeni ya kufuta ujinga ikaenea nchi nzima. Walimu wa kudumu wasingetosha. Kwa hiyo waliojua waliombwa kuwafundisha wasiojua: makarani, wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani, hata vijana waliomaliza darasa la saba. Madarasa yalifunguliwa katika shule, misikiti, makanisa na chini ya miembe. Katika kisomo chenye manufaa, mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba, na mvuvi kwa kusoma habari za uvuvi. Redio nayo ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, takriban watu milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kusikiliza vipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1967 zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, walibaki kiasi cha mmoja katika kila kumi.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa wa watoto. Mwezi Novemba 1974, TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Wanavijiji walifyatua matofali na kujenga madarasa. Vijana waliomaliza shule ya msingi walifundishwa ualimu wakiwa kazini: sehemu ya siku walifundisha madarasa ya chini, sehemu nyingine walisoma wenyewe, kwa msaada wa walimu wazoefu, masomo ya posta na redio. Wananchi waliwaita walimu wa UPE. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974, walizidi milioni 3 mwaka 1980.

Haraka hiyo ilikuwa na gharama. Madarasa yalifurika, vitabu vilikuwa haba, na mwalimu kijana mara nyingi alibaki peke yake mbele ya umati wa watoto. Nafasi za sekondari zilibaki chache mno. Vita vya Kagera na matatizo ya uchumi vilipunguza uwezo wa serikali. Baadaye wazazi wakaanza kulipa tena, na baadhi ya watoto wakatoka shuleni. Ada ya shule ya msingi ilifutwa upya mwaka 2001, Mwalimu akiwa hayupo tena.

Je, alikosea? Waliosoma katika madarasa yale yaliyofurika wangali wanabishana. Lakini wengi wao ni watoto ambao, kwa utaratibu wa zamani, wasingeuona mlango wa shule. Mwalimu alichagua wote wapate kidogo kwanza, akitumaini kwamba ubora utafuata. Wote walifika, ubora ulichelewa, na deni hilo Tanzania ingali inalilipa.

Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 na kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kabla ya Warundi kutia saini mkataba wa Arusha mwezi Agosti 2000. Alizikwa Butiama. Katika meza ile ya Arusha alifanya kazi aliyoifanya miaka yote: kuwaketisha pamoja watu wasiokubaliana, na kudai kwamba kila mmoja asikilizwe. Kwa nchi yetu, ambako darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache si jambo geni, maisha yake yana somo. Shule hujengwa na serikali, mwalimu na mzazi kwa pamoja. Na kijiji kilichofyatua tofali la shule hakikubali kwa urahisi mlango wake ufungwe.