Seyyid Barghash na Nyumba Iliyo Kwenye Kadi

Watu wanaokusanya kadi za picha za zamani, zile zilizotiwa stempu na kupelekwa kwa posta, huzithamini sana kadi za Unguja. Zilianza kuuzwa mwishoni mwa karne ya 19, na nyingi zilitolewa na wapigaji picha wa Kigoa waliokuwa na maduka yao mjini, akina Gomes, Coutinho na Pereira de Lord. Katika kadi hizo za mwanzo, ile ambayo kila mkusanyaji huitaka ni ya Beit el Ajaib: roshani zake pana, nguzo zake za chuma, na mnara wa saa juu yake. Hata mtu wa Marani, kule Kisii, ambaye hajapata kuiona bahari, angeweza kuijua Unguja kwa kadi hiyo moja.

Lakini nyumba ile ilikuwa na mwenyewe, naye hakuiona hata siku moja ikiwa vile inavyoonekana kwenye kadi. Mwenyewe ni Seyyid Barghash bin Said, na inafaa tumkumbuke.

Barghash alizaliwa mwaka 1837, mwana wa Seyyid Said bin Sultan kwa mama wa Kihabeshi. Baba yake alifariki baharini mwaka 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati, na Barghash alikuwamo katika merikebu hiyo hiyo. Alijaribu kuushika utawala kabla habari hazijaenea, asiweze. Kiti kikamwendea nduguye, Seyyid Majid. Mwaka 1859 akainuka tena, safari hii akisaidiwa na dada zake, Bibi Khole na Bibi Salme. Waingereza wakamwunga mkono Majid, na Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko uhamishoni mpaka 1861. Majid alipofariki Oktoba 1870, hapakuwa tena na wa kumzuia.

Utawala wake ulianza kwa misiba. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Hata mwaka haujapita vizuri, Waingereza wakamtaka apige marufuku biashara ya watumwa, biashara ambayo pamoja na karafuu ndiyo iliyoijaza hazina yake na ya wazee wake. Alikataa. Walipotishia kukifunga kisiwa kwa manowari, akatia sahihi mkataba wa Juni 5, 1873, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Utumwa wenyewe ulibaki mashambani, nao ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, yeye akiwa ameshafariki.

Mwaka 1875 alialikwa Uingereza. Huko London alipigwa picha akiwa na wakuu wake, majoho na majambia yao kamili. Aliporudi nyumbani alifanya kazi ambazo kadi hazikuzionyesha. Alivuta maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, ambako watu walikuwa wakinywa maji ya visima na kufa kwa kipindupindu. Akajenga Hamamni. Akaleta mtambo wa kupiga chapa, na vitabu vya dini, hasa vya madhehebu ya Kiibadhi, vikachapishwa Unguja kwenyewe. Akanunua meli za moshi, na meli hizo zikawachukua mahujaji kwenda Makka. Kisha, mwaka 1883, ikasimama Beit el Ajaib, nyumba ya sherehe, kubwa kupita zote zilizokuwa katika pwani hii.

Hata hivyo, haifai kumsifu mtu tukaficha upande wake wa pili. Barghash alikuwa mkali kwa waliompinga. Mwanachuoni wa Mombasa, Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, alitiwa gerezani kwa kuwavuta Waibadhi kwenye Usunni, akafunguliwa baada ya Barghash kufariki.

Pigo kubwa kuliko yote lilimfika uzeeni mwa utawala wake. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya majumba yake na kuielekeza mizinga huko. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakapatana wenyewe kwa wenyewe: Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10, na bara wagawane wao. Mstari ukachorwa kutoka mto Umba mpaka ziwa Nyanza. Kisii yote, na Marani ndani yake, ikaangukia upande wa Waingereza, na huko hakuna aliyeulizwa. Barghash naye aliarifiwa tu, akakubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Alifariki Machi 27, 1888, akiwa na miaka kama 51.

Turudi sasa kwenye kadi yetu. Siku za uhai wake mnara ulikuwa peke yake, mbali na nyumba, ukiwaelekeza manahodha. Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme kwa muda usiofika saa moja, na mnara ule ukaharibika. Mwaka 1897 Beit el Ajaib ikatengenezwa na kuwekewa mnara mpya usoni mwake. Basi kila mwenye kadi yenye mnara juu ya nyumba ajue kwamba anatazama Unguja ya baada ya mizinga. Picha yenye mnara uliosimama mbali na nyumba ndiyo ya zama za Barghash, nayo ni adimu zaidi.

Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya nyumba hiyo iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo kadi ambazo watu waliziweka sandukuni kama pambo zimekuwa ushahidi: roshani ilikaa vipi, nguzo zilikuwa ngapi, saa ilitazama wapi. Aliye na kadi ya namna hiyo nyumbani, iwe Mombasa, Lamu au Unguja, asiitupe wala asiiuze kwa bei ya karanga. Na akiitazama amkumbuke mtu aliyeijenga nyumba na kuleta maji na chapa, akaishi mpaka akaona nchi ikikatwa mbele yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.