Carole Lombard: Mwigizaji aliyetafutiwa kazi na ex wake

Hebu jiulize swali moja kabla hujaendelea kusoma. Wewe na ex wako mliachana karibu miaka mitatu iliyopita. Sasa hivi ana jina kubwa, kila studio inamtaka. Anaitwa kwenye kazi moja moto, na kabla ya kutia sahihi anaweka sharti: nafasi ya mwanamke mkuu apewe wewe, la sivyo watafute mtu mwingine. Kazi yenyewe ni kuigiza ukimpenda hadi unazirai. Kila siku, wiki nzima nzima, mbele ya kamera na watu wanaojua vizuri habari za talaka yenu.

Ungeenda?

Carole Lombard alienda. Mwaka ulikuwa 1936, na ex mwenyewe aliitwa William Powell. Kama unapenda zile filamu za mapenzi na vicheko ambamo watu wawili walioachana kitambo wanagongana ghafla uzeeni au katikati ya maisha, mahali ambapo hakuna aliyetarajia kumpata mwenzake, basi mwanadada huyu unafaa kumjua. Aliigiza kisa kama hicho. Kisha maisha yakamletea chake.

Alizaliwa Oktoba 6, 1908, mjini Fort Wayne, jimbo la Indiana nchini Marekani, na jina alilopewa na wazazi ni Jane Alice Peters. Alikuwa kitinda mimba nyuma ya kaka wawili, na inaonekana hao kaka ndio waliomlea kwa mtindo wa mtaani: kupanda miti, kupigana, kucheza besiboli. Mwaka 1914 mama yake alichukua watoto wote watatu akahamia Los Angeles, baba akabaki nyuma. Hapo Los Angeles, mwelekezi wa filamu aitwaye Allan Dwan alimwona msichana wa miaka 12 akicheza besiboli na wavulana, akampa nafasi ndogo kwenye filamu yake. Si ati alienda kusaka kazi. Kazi ilimkuta akiwa na vumbi magotini.

Akiwa na miaka 16 kampuni ya Fox ilimwandika. Mambo yalikuwa yanaenda sawa, kisha siku moja akapata ajali ya gari, kioo cha mbele kikapasuka na kumchana shavu la kushoto. Fikiria hiyo: hujafika miaka 20, uso ndio mtaji wako, na uso umepasuliwa. Fox ikaachana naye. Wengi wangerudi nyumbani. Yeye alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza kujifunza mambo ya taa na kamera, ajue mwenyewe kovu linajificha vipi na mwanga utoke upande gani. Miaka ya baadaye wapiga picha walikuwa wakimheshimu kwa hilo.

Mtu aliyempokea baada ya hapo ni Mack Sennett, mzee wa filamu fupi za vichekesho, zile za kuteleza, kuanguka na kurushiana keki usoni. Dharau ndogo ndogo hazikukosekana, kwa sababu mwigizaji wa keki usoni si mwigizaji wa maana machoni pa wakubwa. Lakini ni huko alikojifunza kuanguka bila kuogopa kuonekana vibaya. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1930 alijiunga na Paramount. Mwaka uliofuata akapangwa kwenye filamu iitwayo Man of the World pamoja na William Powell. Jamaa alikuwa na miaka 38, amevalia suti zake safi, anazungumza kwa utaratibu, tayari ametoka kwenye ndoa moja. Carole alikuwa na 22, anacheka kwa sauti, anatukana kama baharia (kaka zake hao!), anapenda karamu na watu wengi. Walifunga ndoa Juni 26, 1931. Tofauti ya umri ilikuwa miaka 16, na kusema ukweli, tofauti ya tabia ilikuwa kubwa hata kuliko hiyo. Mmoja alitaka kukaa nyumbani na kitabu, mwingine alitaka nyumba ijae. Agosti 1933 walikuwa Nevada wakivunja ndoa.

Hapa ndipo stori nyingi za mastaa hugeuka kuwa za magazeti ya udaku. Hii haikugeuka. Waliachana wakabaki marafiki, marafiki wa kweli. Usidhani basi alikuwa mtu asiyeumia. Mwaka 1934 mwimbaji Russ Columbo, aliyekuwa mpenzi wake baada ya Powell, alifariki kwa ajali baada ya bastola ya kale ya rafiki yake kufyatuka. Carole hakuwa hata amefikisha miaka 26.

Mwaka huohuo wa 1934 alitoka kwenye filamu iliyobadilisha kila kitu, nayo inaitwa Twentieth Century. Hicho ni jina la treni ya kifahari iliyokuwa ikitoka Chicago hadi New York. Kisa chenyewe ni hiki: mzee mmoja wa tamthilia, Oscar Jaffe, anachukua msichana asiyejulikana, anambadilisha jina, anamfanya nyota, na wanakuwa wapenzi. Anambana mno, hampi hata nafasi ya kupumua, hadi msichana anamtoroka na kwenda Hollywood. Miaka inapita. Yeye anazidi kung'aa, mzee anafilisika. Kisha siku moja wanajikuta kwenye treni moja, behewa kwa behewa, na hakuna pa kukimbilia. Mzee yuko tayari kufanya lolote arudishe mwanamke wake na biashara yake, hadi anajifanya anakata roho ili atiliwe sahihi mkataba.

Mzee huyo aliigizwa na John Barrymore, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa wa enzi hiyo. Carole alimwogopa. Siku ya kwanza alikuwa amekauka kama mti, kila neno linatoka kwa woga. Mwelekezi Howard Hawks alipenda kusimulia baadaye kwamba alimvuta kando akamuuliza angemfanya nini mwanamume anayemsemesha hivyo katika maisha ya kawaida. Carole akajibu kuwa angempiga teke. Basi, Hawks akamwambia arudi ndani ampige Barrymore teke. Akarudi, akampiga. Yule msichana wa Los Angeles wa besiboli na wa keki usoni ndiye aliyetokea mbele ya kamera, na kutoka siku hiyo Hollywood ilijua imempata nani.

Ukiitazama utaona kitu kingine. Wapenzi hao wa zamani wanapokutana kwenye treni hawarudi kuwa watu wapya. Wanarudi walevi wa vita vilevile vya zamani, na filamu inaishia palepale ilipoanzia, kwenye mazoezi ya jukwaani, mzee akimchorea mistari sakafuni aifuate. Inachekesha hadi mbavu ziume, lakini kiukweli hiyo ni ndoto mbaya. Mimi sijawahi kuiona kama stori ya mapenzi.

Sasa linganisha na yaliyompata mwenyewe.

Mapema mwaka 1936 kampuni ya Universal ilikuwa ikitayarisha My Man Godfrey chini ya mwelekezi Gregory La Cava. Walimwazima Powell kutoka MGM, kwa sababu wakati huo tayari alikuwa amepasua anga na The Thin Man. Kwa nafasi ya mwanamke, studio ilikuwa na majina mengine akilini. Powell ndiye aliyesisitiza kuwa ni Carole Lombard au yeye hayumo. Hakuwa akimtongoza upya: moyo wake ulikuwa kwa Jean Harlow, na Carole naye alikuwa ameanza mambo na Clark Gable. Powell alikuwa amesoma mswada, akamwona Irene Bullock, akajua ni mtu gani duniani anayeweza kuwa Irene bila kujifanya. Alikuwa amekaa naye nyumba moja zaidi ya miaka miwili, si lazima amjue?

Irene ni binti wa tajiri wa New York wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Matajiri wenzake wana mchezo wa kutafuta vitu vya ajabu ajabu, na kimojawapo ni kumleta mtu aliyesahauliwa na dunia, yaani maskini halisi. Irene anampata Godfrey kwenye jaa la taka kando ya mto, anampeleka hotelini kama kombe, kisha kwa aibu ya kile alichofanya anampa kazi nyumbani kwao. Anampenda palepale. Godfrey anamkwepa sinema nzima. Ukifuatilia utagundua kuwa jamaa huyu alitoka familia yenye pesa, na kilichomfikisha jaani ni mapenzi yaliyomvunjia moyo. Alikuwa ameenda mtoni kujimaliza.

Kuna sehemu moja ambapo Irene anajifanya amezirai. Godfrey anambeba begani, anagundua ni uongo, anamweka chini ya bafu na kumfungulia maji baridi akiwa na nguo zake zote. Mwanamke mwingine angekasirika. Irene anatoka amelowa chapachapa, anarukaruka kitandani kwa furaha, kwa sababu kwake hayo maji ni ushahidi kwamba Godfrey anampenda. Sasa kumbuka kwamba hao wawili walikuwa mume na mke, na waliachana. Mtu mwenye kinyongo hawezi kuigiza hivyo. Mtu anayetaka kurudiwa pia hawezi, angeharibu. Unahitaji kuwa umemaliza kabisa na bado unampenda mwenzako kama binadamu, ndipo ucheze hivyo kama mtoto mbele yake.

Tuzo za Oscar zilipofika, My Man Godfrey ikawa filamu ya kwanza kuteuliwa katika vitengo vyote vinne vya waigizaji: Powell, Lombard, Alice Brady na Mischa Auer. Haikushinda hata kimoja, noma sana, lakini Carole hakuwahi tena kuitwa mwigizaji wa keki. Kufikia 1937 alikuwa miongoni mwa waliolipwa pesa nyingi zaidi Hollywood, na alipoulizwa kuhusu kodi kubwa aliyokatwa alisema yuko radhi kuilipa. Wewe uliyeangalia payslip yako juzi, sema utakalo.

Kuhusu Gable nitapita haraka, kwa sababu ndiyo sehemu inayosimuliwa kila mahali. Walikuwa wameigiza pamoja 1932, Carole akiwa bado mke wa Powell, na hakuna lililotokea. Miaka minne baadaye wakakutana kwenye karamu, na mara hii likatokea. Walioana Machi 29, 1939, mjini Kingman, Arizona, wakahamia shambani kule Encino, wakafuga kuku.

Marekani ilipoingia vitani, Carole alisafiri hadi jimbo lake la Indiana kuuza hati za dhamana za kugharimia vita. Januari 15, 1942, jijini Indianapolis, aliuza za zaidi ya dola milioni 2 kwa siku moja. Mpango ulikuwa arudi kwa treni. Yeye alitaka ndege, afike nyumbani haraka. Inasimuliwa kwamba walirusha sarafu kuamua, naye akashinda. Usiku uliofuata, ndege ya TWA aliyopanda iligonga mlima Potosi karibu na Las Vegas. Watu 22 walikufa, wakiwemo mama yake na wanajeshi 15. Alikuwa na miaka 33. Filamu yake ya mwisho, To Be or Not to Be, ilitoka akiwa ameshazikwa.

Gable alijiunga na jeshi la anga mwaka huohuo. Miaka kumi baadaye, akiwa na miaka 51, alifika hapa kwetu kupiga Mogambo, wakati hali ya hatari ilikuwa ndiyo tu imetangazwa Kenya. Mogambo ni marudio ya Red Dust, filamu aliyoigiza 1932 na Jean Harlow, yule mchumba wa Powell, ambaye naye alikufa mchanga mwaka 1937. Gable alioa tena mara mbili, lakini alipofariki 1960 alizikwa kando ya Carole.

Powell aliwazika wote. Aliugua saratani akapona, akaoa tena 1940, akastaafu, na akaishi hadi 1984, akiwa na miaka 91.

My Man Godfrey inapatikana bure mtandaoni, kwa sababu haki miliki yake Marekani haikufanywa upya. Ukiipata, nenda moja kwa moja kwenye ile sehemu ya bafu. Kila mtu humtazama Carole hapo. Wewe mtazame Powell, namna anavyomtazama akirukaruka kitandani, amelowa, anacheka.