Kasri la Lord Egerton na viti visivyokaliwa

Siku moja mama mzazi alinitembelea nyumbani kwangu mjini Nakuru. Nilikuwa nimetoka kuleta sebuleni makochi yaliyochongwa na fundi mmoja wa jua kali kwa kuigiza picha ya samani za kale za Kiingereza: miguu iliyopinda na kuishia kwa ukucha ulioshika tufe, migongo yenye nakshi za majani, na kitambaa chekundu cha mahameli. Juu yake nilitandaza vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa uzi ili vumbi lisiyashike. Mama aliyatazama makochi hayo, akayasifu kwa adabu, kisha akaenda zake jikoni, akavuta kigoda, akaketi. Nilipomsihi arudi sebuleni, alinijibu kwamba viti vile vilionekana kuwa vinamngojea mtu mwingine.

Tangu siku hiyo, kila niwapelekapo wanafunzi kulitazama kasri la Lord Egerton pale Ngata, nje kidogo ya mji wa Nakuru, jibu la mama hunirudia. Leo nataka kusimulia maisha ya mwenye kasri hilo. Sina nia ya kumtukuza, wala ya kumtukana marehemu asiyeweza kujitetea. Nayasimulia kwa kuwa yana funzo kuhusu vitu tunavyokopa ugenini na namna tunavyoviweka majumbani mwetu.

Maurice Egerton alizaliwa mwaka 1874 katika ukoo wa makabaila wa Uingereza, wenye makao yao Tatton Park katika jimbo la Cheshire. Jumba la Tatton ni la fahari kuu. Ndani yake mna samani nyingi zilizotengenezwa na karakana mashuhuri ya Gillows ya mji wa Lancaster, makabati ya vitabu, meza na viti, almuradi kila kilichohesabiwa kuwa alama ya ukabaila. Kijana Maurice alikua akiviona vitu hivyo kila siku.

Hata hivyo, hakuwa mtu wa kukaa ndani. Alipenda mashine na safari. Alijuana na ndugu wawili wa Kimarekani, Wilbur na Orville Wright, waliorusha ndege ya kwanza, na mwaka 1910 yeye mwenyewe akawa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kabisa kupewa cheti cha urubani. Alipenda pia kupiga picha na kuwinda. Wanyama aliowaua katika safari zake aliwajengea ukumbi maalumu huko Tatton, na vichwa vyao vingali vimetundikwa humo ukutani. Baba yake alipofariki mwaka 1920, Maurice akarithi mali pamoja na cheo, akawa Baron wa nne wa Tatton.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akavutwa na Kenya, akajipatia maelfu ya ekari za ardhi Njoro. Hapa sharti tusimame kidogo, kwa maana ardhi hiyo haikuwa tupu ikingoja mwenyewe afike kutoka Cheshire. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka minne baadaye, kwa mkataba wa mwaka 1904, Wamaasai wakahamishwa kutoka malisho yao ya katikati ya Bonde la Ufa, karibu na reli, ili kuwapisha walowezi. Lord Delamere alikuwa tayari ameanza ukulima wake Njoro. Aidha, sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kukodi mashamba kwa muda wa miaka 999. Kwa hivyo, kabla ya kuzungumza juu ya kiti kilichoingia katika nyumba, ni haki tukumbuke ni nani aliyeondolewa mahali nyumba ilipojengwa.

Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938. Vita Vikuu vya Pili vikauchelewesha, nao ukakamilika mwaka 1954. Hebu tufanye hesabu. Alipoanza kujenga, bwana huyo alikuwa na umri wa miaka 64. Alipomaliza alikuwa na 80. Jengo lilikuwa na vyumba 52, kwa ajili ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mfano wake ulichukuliwa Tatton, na mapambo yake mengi yakaletwa kutoka ng'ambo: mbao za mwaloni za kufunika kuta na marumaru ya meko ya kuotea moto. Palikuwa na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba, na chumba cha giza cha kusafishia picha. Kwa ufupi, bwana huyo alijaribu kuichukua Cheshire na kuituliza juu ya udongo wa Ngata.

Tutazame pia miaka yenyewe. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Katika Bonde la Ufa, maelfu ya Wakikuyu waliokuwa vibarua katika mashamba ya walowezi walikamatwa na kurudishwa kwa nguvu katika hifadhi za Mkoa wa Kati, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa na hawana kwingine wanakokujua. Basi wakati nyumba moja ilipokuwa ikikamilishiwa mapambo ya vyumba 52, familia chungu nzima zilikuwa zikifungasha sufuria na blanketi zao. Mambo hayo mawili yalitokea katika bonde moja, katika miaka ile ile.

Naam, najua msomaji anangoja hadithi ya mwanamke. Hakuna mgeni afikaye kwenye kasri bila kusimuliwa. Husemwa kwamba Lord Egerton alimpenda bibi mmoja wa ukoo bora, akamjengea nyumba ya kwanza, naye akaidharau kwa kuilinganisha na kizimba cha kuku. Ndipo akamjengea kasri, na bibi akalidharau nalo kwa kulifananisha na jumba la makumbusho. Tangu hapo, hadithi yaendelea, bwana akawapiga wanawake marufuku wasikanyage shambani mwake, na hata kuku na mbwa nao wakachukiwa.

Nikiwa mwanafunzi wa lugha, hadithi hii hunivutia kwa umbo lake. Ina mchumba mwenye maringo, ina jaribio la kwanza na la pili, ina laana mwishoni. Ni umbo la ngano tulizosimuliwa na nyanya zetu kando ya moto. Jambo moja hata hivyo linapasa kutufikirisha. Hadithi inamlaumu mwanamke kwa upweke wa nyumba nzima. Mtu anayeanza kujenga vyumba 52 akiwa na miaka 64, na kuvipamba kwa mfano wa nyumba ya utoto wake, yamkini hamjengei mchumba. Mimi naona kwamba anajenga kumbukumbu. Na kumbukumbu haihitaji wageni. Iwapo kweli bibi alisema jumba linafanana na makumbusho, basi huenda ndiye peke yake aliyeliona kwa macho maangavu.

Lord Egerton aliishi katika kasri lililokamilika kwa muda wa miaka minne hivi. Alifariki tarehe 30 Januari, mwaka 1958, akazikwa Nakuru. Kwa kuwa hakuacha mtoto, cheo cha Baron wa Tatton kikafa pamoja naye. Jumba la Tatton akaliachia taasisi ya Uingereza inayohifadhi majengo ya kale, National Trust, na hadi leo watu hulipa kiingilio kuliona. Kasri la Ngata halikupata bahati hiyo. Lilikaa ukiwa kwa miaka mingi, likaharibiwa, na samani nyingi za asili hazimo tena. Lilitangazwa kuwa turathi ya taifa katika miaka ya 1990, na sasa limo mikononi mwa Chuo Kikuu cha Egerton.

Hapo ndipo tufikapo kwenye kitu kimoja alichokianzisha ambacho hakikuwa pambo. Mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya kuanza kujenga kasri, alitoa ekari 740 huko Njoro ili pajengwe shule ya ukulima. Tusijidanganye: shule hiyo haikukusudiwa mimi wala wewe. Ilikuwa ya kuwafunza vijana wa Kizungu kazi ya mashamba. Mwaka 1950 ilipandishwa hadhi ikawa chuo cha kutoa diploma, na mwaka 1958, ule ule aliofariki, ikaongezewa ekari nyingine 1,100. Muda mfupi baadaye milango yake ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili. Leo mabinti wa nchi hii huhitimu huko wakiwa wataalamu wa ukulima, walimu na mahakimu wa mambo mengine mengi, wakibeba vyeti vyenye jina la mtu ambaye, kama hadithi ni ya kweli, asingewaruhusu kupita langoni.

Tazama basi maajabu ya jina. Katika Njoro, mtu asemapo kwamba anasoma Egerton, hakuna anayemfikiria kabaila wa Cheshire. Jina limeingia katika midomo ya watu, likazaa maana mpya. Kasri halikuingia. Kwa nini?

Jibu langu nalipata katika somo la ukopaji wa maneno. Neno meza tulilikopa kwa Wareno. Sanduku tulilipata kwa Waarabu, zulia kwa Waajemi, kabati kwa Waingereza. Katika sebule ya kawaida ya Mswahili, pengine ni kiti na kitanda tu ambavyo majina yake ni ya Kibantu tangu asili. Lakini hakuna anayehisi ugeni wa meza. Tumelitumia neno hilo hadi likakubali viambishi vyetu: tunakula mezani, tunaweka vitabu mezani, tunaelewana mezani. Neno la kigeni huwa letu kwa kutumiwa. Likihifadhiwa tu kwa ajili ya kujisifia, hubaki geni milele.

Vivyo hivyo na vyombo. Nenda Lamu ukatazame nyumba za kale za mawe. Kutani mna zidaka, safu kwa safu, ambamo waungwana walipanga bakuli na sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Zilikuwa pambo la kigeni bila shaka, lakini zidaka zilibuniwa na mafundi wa hapa, kwa chokaa ya hapa, katika nyumba zilizojaa arusi, maulidi na vilio vya watoto wachanga. Kilichotoka mbali kilikaribishwa katika maisha yaliyokuwapo. Waingereza wenyewe walifanya hivyo. Fundi Thomas Chippendale alipotoa kitabu chake cha vielelezo vya samani mwaka 1754, alichanganya humo mitindo ya Kichina na ya Kifaransa, na mbao za mahogani zilizotukuza samani za Gillows zilitoka visiwa vya Karibiani, katika nchi za watumwa. Kwa hivyo hata kile tukiitacho cha kale na asilia cha Kiingereza ni mkopo juu ya mkopo.

Sisemi basi kwamba Mkenya asiwe na kochi lenye miguu ya simba. Fundi wa kando ya barabara anayeichonga miguu hiyo kwa patasi na jicho lake tu ni msanii, na anastahili malipo yake. Nasema kwamba tujiulize nyumba inapambwa kwa ajili ya nani. Tumekuwa na desturi, sisi tuliosoma, ya kutenga chumba bora kwa mgeni asiyekuja, na kuwakaza watoto wasiguse. Tunafunga kabati la vioo lenye vikombe vizuri, na wenyeji wa nyumba wananywea vya bati. Hilo ni kasri la Ngata kwa kipimo kidogo.

Siku hizi kasri hukodishwa kwa sherehe. Nimewahi kufika huko Jumamosi nikamkuta bibi arusi akipigwa picha mlangoni, shangazi zake wakipiga vigelegele hata sauti ikajaa ukumbi wa dansi. Nilisimama kando nikawaza kwamba nyumba ile ilikuwa imengoja tangu mwaka 1954 mtu wa kuitumia.

Nami nilirudi nyumbani nikaviondoa vile vitambaa vyeupe. Mahameli imeanza kuchakaa, na mguu mmoja wa kochi umepigwa msumari baada ya wajukuu wa dada yangu kuurukia. Mama alipokuja tena, aliutazama msumari ule kwa muda. Kisha akaketi.