Mtakatifu Augustino na Mali Iliyookotwa

Watu wengi hukubali upesi kwamba kuiba ni dhambi. Lakini waonapo mfuko wa feza umeanguka njiani, hujisemea moyoni kwamba aliyeokota hakuiba, tena kwamba Mungu mwenyewe amewaletea bahati. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliijua sana hila hiyo ya moyo, kwa kuwa yeye mwenyewe katika ujana wake aligusa mali ya watu.

Alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji wa Tagaste, unaoitwa siku hizi Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Baba yake, Patrisio, alikuwa bado mpagani. Mama yake, Monika, alikuwa mkristu mwenye kusali bila kuchoka. Tangu utoto Augustino alizoea kuiba vyakula katika ghala ya wazazi wake. Alipopata umri wa miaka 16, usiku mmoja alikwenda pamoja na vijana wenzake kwenye mti wa mapeasi uliokuwa karibu na shamba lao la mizabibu, wakautikisa, wakachukua mizigo ya matunda. Walionja machache tu, mengine wakawatupia nguruwe. Hakuwa na njaa, na nyumbani alikuwa na mapeasi mazuri kuliko yale. Alipokuwa Askofu aliliandika kosa hilo katika kitabu chake cha Maungamo, akalia mbele ya Mungu, kwani alitambua kwamba hakutamani matunda, alipenda uovu wenyewe.

Akasoma, akawa mwalimu mashuhuri. Katika mwaka 383 alikwenda Roma kufundisha. Huko akaona wanafunzi wakipatana kumhama mwalimu wao kwa ghafula ili wasimlipe haki yake. Jambo hili lilimchukiza sana. Mwaka uliofuata akahamia Milano, na huko mahubiri ya Askofu Ambrosio yakamgeuza moyo. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosio akambatiza.

Katika siku zile alizokaa Milano lilitokea jambo moja ambalo baadaye aliwasimulia wakristu wake katika mahubiri. Kulikuwa na mtu mmoja, maskini kabisa, aliyetumika mlangoni pa shule. Mwalimu mwenye shule alikuwa mpagani, lakini mtumishi huyu alikuwa mkristu. Siku moja akaokota mfuko wenye sarafu za dhahabu zipatazo 200. Mali hiyo ingemtoa katika umaskini, wala hapakuwa na mtu aliyemwona. Lakini alikumbuka sheria ya Mungu. Kwa kuwa hakumjua mwenye mali, alibandika tangazo mahali pa watu wote, kwamba aliyepotewa na feza aje kwake.

Mwenyewe, aliyekuwa akihangaika huku na huku, akaliona tangazo, akaja mbio. Maskini yule hakumpa mara moja, kwa hofu asije akamkabidhi mtu mwongo. Alimwuliza dalili: mfuko ni wa namna gani, una muhuri gani, una sarafu ngapi. Alipojibiwa sawasawa, akarudisha vyote. Mwenye mali akajaa furaha, akampa sarafu 20, ndiyo sehemu ya kumi. Akakataa. Akampa 10, akakataa tena. Akamsihi apokee hata 5 tu, hakutaka. Ndipo mwenye mali akautupa mfuko chini kwa uchungu, akisema kwamba ikiwa hapokei chochote, basi naye hakupotewa na kitu. Mwishowe maskini akashindwa, akapokea. Na papo hapo akawagawia maskini wengine zote, asirudi nyumbani na hata sarafu moja. Augustino aliwaambia wasikilizaji wake kwamba shindano hilo zuri lilitazamwa na Mungu mwenyewe.

Kisha akawafundisha wazi: mwenye kuokota mali ya mtu na kukataa kuirudisha amekwisha kunyang'anya. Ametenda kadiri alivyoweza. Kama angaliweza kuchukua zaidi, angalichukua. Na yapata mwaka 414 alimwandikia Macedonius, mkubwa wa serikali katika Afrika, kwamba mtu awezaye kurudisha mali aliyoiba, asiirudishe, hafanyi kitubio cha kweli, bali anajifanya tu.

Alivyofundisha ndivyo alivyotenda. Aliporudi Afrika mwaka 388 aliacha mali ya urithi wake. Mwaka 391 akapewa upadri, na miaka michache baadaye uaskofu. Mtu mmoja tajiri wa Hippo, aliyekaa Karthago, aliliandikia kanisa la Hippo shamba lake. Baada ya miaka kadhaa akageuka, akamtuma mwanawe kuiomba ile hati, pamoja na sarafu 100 za dhahabu kwa ajili ya maskini. Augustino alihuzunika kwa ugeugeu wake, akamwonya kwa barua. Lakini hati akamrudishia, na zile sarafu 100 akazikataa.

Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzunguka mji wa Hippo kwa vita. Hakuandika wosia wa mali, kwa sababu hakuwa na mali ya kurithisha.

Msomaji mpenzi, labda kesho wewe nawe utaokota mfuko sokoni, au ndani ya motokari, au mlangoni pa kanisa. Usijiulize ni nani aliyekuona. Uulize ni nani anayelia. Pengine ni mama aliyetunza feza ya shule ya watoto wake, au ya dawa ya mgonjwa. Uutunze mfuko, utangaze, umpashe habari katekista au mkubwa wa mahali, lakini dalili za mfuko usizitaje, uzingoje kwa mwenyewe. Ukimtafuta kwa bidii, naye asionekane kabisa, ukumbuke maskini. Na kama tangu zamani unacho nyumbani kitu cha mtu unayemjua, usingoje siku ya kitubio. Ondoka leo, ukamrudishie.