Mwalimu na ile asilimia 20

Wadau, kampeni zikianza, vijiwe vya Karatu mpaka kule Ngorongoro ni asilimia tu: nani anaongoza, nani kashuka. Hata mimi nimo. Na mgombea akizisoma asubuhi, jioni kashabadili hotuba.

Sasa mcheki Nyerere. Kazaliwa Butiama 1922, kasoma Makerere na Edinburgh, kafundisha, kaongoza TANU tangu 1954, kang'atuka urais 1985. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ikazunguka nchi kuuliza: chama kimoja au vingi? Karibu asilimia 80 wakataka kimoja. Mwanasiasa wa kawaida si angefunga faili? Tena chama kimoja kiliwekwa kisheria 1965 yeye akiwa rais! Mzee akashikilia kwamba asilimia 20 nao wasikilizwe, maana chama kisicho na mpinzani kinalala. Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa.

Uchaguzi wa 1995 akapanda jukwaani kumnadi Mkapa, akashinda. Ila huku Karatu wazee wetu wakampeleka bungeni Dk. Slaa wa CHADEMA. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, Slaa bado mbunge wetu.