Mjue Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo

Wadau, huku Msata mtu akichanganyikiwa bado nasikia watu wakisema karogwa, anafungiwa ndani. Leo nawaletea Sewa Haji Paroo.

Huyu Mhindi alitajirika Bagamoyo kwa kuwapatia misafara wapagazi na bidhaa, hata Stanley alikuwa mteja wake. Lakini hela hakuzilalia. Alitoa jengo la shule, sharti wasome watoto wa rangi zote. Dar akachangia hospitali ya Waafrika na Wahindi. Alifariki 1897.

Hospitali ile ndiyo mwanzo wa Muhimbili, na pale kuna jengo lenye jina la Sewahaji. Hapohapo wanatibu magonjwa ya akili. Sasa jamani, kwa nini tuwafungie ndugu zetu? Mnasemaje wadau?